Mtihani wa Adela Kwenye Njia ya Kasanda

Kila mmoja wenu anayekuja hapa mashineni kusaga ananiuliza jambo lile lile: mzee, mbona umekonda, kulikoni huko Kibondo? Nimechoka kupiga kelele mashine ikinguruma. Nimeona niandike mara moja, anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe. Mimi shule niliiacha darasa la pili nikaanza kubeba chumvi ya Uvinza kwa baiskeli, hilo mnalijua, na halikunizuia kununua mashine ambayo ninyi wa darasa la saba mnaipangia foleni. Kwa hiyo msinicheke mwandiko.

Habari yenyewe ni ya Adela, kitinda mimba wangu. Anasoma chuo cha afya. Mwaka jana chuo kiliwapeleka baadhi yao Denmark wakajifunze kwenye hospitali za kule, wengine wakabaki hapa hapa nchini. Sasa wamerudi, na chuo kinataka kujua kama waliokwenda wamejifunza kitu kuliko waliobaki. Kila mwanafunzi anapewa kijiji, anatibu mbele ya mkufunzi, mkufunzi anaangalia. Asiyefaulu hapati cheti. Adela akapangiwa Kasanda, huko mbele ya Kakonko. Niliposikia Kasanda, nikawaza pori na majambazi wake. Njia ile mwaka huu mnaijua. Nikasema binti yangu hapiti pori lile na mwanamume nisiyemjua, hata kama ni mwalimu. Nikachukua koti langu.

Kasulu mpaka Makere

Lori lilikuwa la Juma, mtu wa Ujiji, anayepeleka sabuni na mafuta ya kula kwenye maduka ya Kibondo. Tuliambiwa kuondoka ni alfajiri. Alfajiri ikapita, jua likatupanda kichwani, sisi bado tuko stendi tunatazama matairi, kwa sababu gari haliingii pori peke yake siku hizi. Yanasubiriana yote, yanakwenda msafara, askari wakitangulia.

"Mzee Ntabaye," Juma akaniambia, "unakwenda kuoa Kibondo?"

"Nakwenda kumlinda binti."

"Kwa silaha gani?"

"Kwa mdomo huu."

"Aa, basi hata mimi nimepona," akasema, na wapagazi wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawahesabu abiria usoni, nani anatazama mizigo ya nani.

Mkufunzi alikuwa mtu wa Lushoto, Shemweta, mwembamba, mpole, viatu vyake vimepakwa rangi kama anakwenda harusini. Nikamuuliza kinachonikera. "Mwalimu, kama mnataka kujua amejifunza nini, si mumuulize mwenyewe?"

"Mwenyewe atasema amejifunza sana, mzee. Wote husema hivyo. Mmoja nilimuuliza Denmark imekufundisha nini, akaniambia kula samaki mbichi."

Adela akacheka. Kwa kweli hata mimi nilikuwa na shaka. Tangu arudi alikuwa ananawa mikono mpaka mama yake anauliza kama nyumba yetu inanuka.

Tulifika Makere mchana. Hapo Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wana vibanda vya chakula. Niliagiza ugali, nikaletewa donge la muhogo linavutika kama gundi, na sombe, kisamvu cha kwao, juu yake. Nikamwambia mama wa kibanda kwamba mimi nimeomba ugali. Akasema huo ndio ugali. Nikasema hapana. Akaniita Papa, nikamwambia sijazaa Mkongo. Alicheka, akaniongezea sombe, na sombe yake, niseme ukweli, ilikuwa tamu, nikamaliza sahani.

Lakini alipokuja kuchukua vyombo akainama. "Papa, kule mbele haiko muzuri. Jana banasema balisimamisha kamyo kama ile yenu. Balivua batu kila kitu, mpaka viatu."

Nikatazama viatu vya mkufunzi. Na yeye alikuwa anavitazama.

Pori

Baada ya Makere nyumba zinakwisha, inabaki miti tu. Gari letu lilikuwa la mwisho kwenye msafara. Vumbi la wenzetu lilitufunika hata huoni mkono wako, na ndani ya vumbi hilo nikasikia mlio ambao hakuna msafiri anayeutaka: pwaa! Tairi la nyuma.

Askari wako mbele kabisa. Kwa vumbi lile hakuna aliyetuona tukibaki. Ngurumo za magari zikapungua, zikapungua, zikaisha. Hapo ndipo nilipojua pori lina sauti. Kila jani linaloanguka ni mtu. Juma aliyekuwa na maneno mengi stendi alikuwa anafungua nati na midomo imekauka. Abiria mwanamke mmoja alianza kusali kwa sauti, mwenzake akamziba mdomo.

Mara wakatokea. Wanaume wanne, watano, wakitoka kwenye miti upande wa kulia, mapanga mkononi, nyuso zina masizi. Nilimvuta Adela nyuma yangu, nikanyoosha mikono juu. Mkufunzi akanyoosha. Juma akanyoosha na spana yake.

Wale wanaume nao wakatupa mapanga chini wakanyoosha mikono yao.

Tukabaki hivyo, wote mikono juu, hakuna wa kumuibia mwenzake. Mpaka mkubwa wao, mzee wa rika langu, akashusha yake polepole, akainama, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu tunayosalimiana nayo kwetu. "Mwakeye," akasema, sauti inatetemeka. Nikajibu kwa makofi. Walikuwa warina asali. Masizi yalikuwa ya moshi wa kufukuzia nyuki.

"Tumedhani ninyi ndio wenyewe," akaniambia.

"Na sisi tumedhani ni ninyi."

"Kwa gari lililokufa?"

"Na ninyi, kwa mizinga ya magome mgongoni?"

Tukacheka kama watu waliofufuka. Akatoa kibuyu, akachovya kijiti, akala, akameza, ndipo akaninyooshea mimi. Kabla sijapokea, Adela alikuwa ameshachovya kidole kwenye kibuyu kingine ambacho hakuna mtu amekionja.

Mzee yule akamtazama, akanitazama. "Huyu ni wa wapi?"

"Ni wa kwangu," nikasema, na aibu ilinikaa shingoni.

Mkufunzi akauliza kuna nini, nikamweleza. Huku kwetu anayekupa kinywaji au chakula huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Anayekupa bila kuonja ana lake moyoni, na anayepokea bila kungoja ni mtoto au ni mjinga. Watu wamekufa kwa sumu ya kucha, tone moja linalofichwa chini ya ukucha wa kidole gumba, wakazikwa ikasemwa ni homa. Ndivyo tunavyoamini na ndivyo tunavyoishi.

"Nimesahau, baba," Adela akasema. "Kule ukigusa kwa mdomo kikombe cha mgonjwa, unatolewa wodini siku hiyo hiyo."

"Huku si kule."

"Najua, baba. Sasa nimekumbuka."

Nikaona hajakumbuka sawasawa. Wale warina asali walikaa nasi mpaka tairi likafungwa, mapanga yao yakitulinda. Tulivuka daraja la Malagarasi jua linazama, tukaziona taa za Kibondo usiku.

Kibondo mpaka Kasanda

Kibondo sina la kusema, tulilala nyumba ya wageni, tukala maharage, kunguni wakatula sisi. Asubuhi tukapata gari dogo mpaka Kakonko, kutoka hapo tukashika njia kwa miguu.

Kasanda ni nchi nzuri, mahindi, migomba, hewa baridi. Lakini siku ile kulikuwa na kimya kibaya. Kando ya njia tuliona kaburi jipya, fupi. Mbele kidogo, lingine, fupi vile vile. Kina mama wakituona walikuwa wanavuta watoto ndani. Ugonjwa wa kuharisha ulikuwa umeingia, na maneno yameingia nao: kwamba kuna wageni wanaotia kitu visimani. Mwanamume mmoja njiapanda hakutusalimu kabisa. Alisema tu, "Mnaleta dawa au mnaleta ugonjwa?"

"Tunaleta dawa," nikamjibu kwa Kiha.

"Hata waliopita walisema hivyo." Akaanza kutufuata. Baada ya muda walikuwa wengi wanaotufuata.

Nikamnong'oneza mkufunzi turudi. Akatingisha kichwa. "Mzee, kuanzia hapa mimi sina mdomo. Nikimsaidia hata neno moja, mtihani umekufa."

"Na sisi tukifa?"

Alishakuwa hana mdomo.

Uani

Nyumba tuliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja na mkwewe. Mtoto wa huyo mkwe, Samweli, hajatimiza miaka miwili, amelazwa kwenye mkeka. Nimezika watu, najua sura hiyo. Macho yameingia ndani. Alikuwa analia bila machozi, hajakojoa tangu jana, na sauti yenyewe kama ya paka aliye mbali.

Adela alipiga magoti, akamsalimu bibi vizuri, makofi na kila kitu. Nikapumua kidogo. Akambana mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaomba maji yaliyochemshwa, akanawa, akatoa chumvi na sukari kwenye mfuko wake, akachanganya kwenye jagi, akamimina kwenye kikombe. Nilijivuna, nisiwafiche.

Halafu akampelekea mtoto kile kikombe mdomoni moja kwa moja.

Mtoto alivuta funda moja tu. Bibi akamkamata Adela kifundo cha mkono. "Mbona hujaonja?"

Ua ulikuwa umejaa watu na wote walisikia. "Hajaonja!" mtu akasema nyuma. "Hajaonja!" likapokelewa mpaka njiani. Bibi akaugeuza mkono wa Adela, akamkagua kucha moja moja. Zilikuwa fupi na safi kabisa. Hilo likawatia wasiwasi zaidi, mwanamke gani ana mikono isiyo na hata vumbi?

"Bibi, ngoja nikueleze," Adela akasema. Hakuinua sauti. Akashusha kikombe chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wake.

"Anatoa nini?" yule mwanamume wa njiapanda akafoka. Panga lake lilikuwa kwapani, sasa likawa mkononi. Nikamtazama mkufunzi. Amekaa kwenye kigoda na karatasi yake magotini, jasho linamtiririka, anaandika! Mtoto wangu anakwenda kukatwa, yeye anaandika!

Sikungoja. Nilipiga hatua moja, nikanyakua kile kikombe chini, nikakinywa chote mpaka tone la mwisho, nikakigeuza juu chini wote waone. Nikapaza sauti kwa Kiha: mimi ni Ntabaye, wa ukoo fulani, baba yangu alizikwa mahali fulani, nimeuza chumvi Kakonko hii kabla panga lako halijafuliwa, na huyu ni binti yangu wa kuzaa. Kama ni sumu, nizikeni hapa!

Bibi akanitazama juu mpaka chini. "Mzee ameonja," akasema. "Mtoto apewe."

Basi tukakaa. Hakuna aliyesema tumefungwa na hakuna aliyesema tuondoke. Wanaume walikaa kwenye mlango wa ua. Adela akampa Samweli kijiko kimoja, akangoja, akampa kingine. Mtoto akatapika. Nikasikia watu wote wakivuta pumzi.

"Ametapika, sawa," Adela akamwambia mama wa mtoto, kama anayeongea na shoga yake. "Tunapumzika kidogo, tunaanza tena polepole. Shika kijiko wewe."

Mama akashika kijiko. Mimi nilikuwa sibandui macho kwa mtoto, maana nilijua akifa, maelezo yangu ya ukoo hayatanisaidia. Kivuli cha mgomba kilisogea kutoka kwenye mguu wangu mpaka kwenye ukuta. Niliwaza mama yake Adela nitamwambia nini, halafu nikawaza kwamba pengine sitakuwepo wa kumwambia.

Ndipo bibi aliyekuwa amempakata mjukuu akaruka. "Amenikojolea!" akapiga kelele. "Jamani, amenikojolea!" Akainyanyua kanga yake iliyolowa akiionyesha watu kama aliyepewa ng'ombe. Mama wa mtoto alilia. Yule mwenye panga aliondoka akarudi na pombe ya ndizi, akaonja mbele yetu vizuri sana, funda refu, akanipa. "Mzee, usinichukulie vibaya."

"Nimekuchukulia vibaya," nikamwambia, "lakini lete."

Kurudi

Tulipolala tena Kibondo mkufunzi alirudishiwa mdomo. "Mzee Ntabaye," akasema, "umeniharibia mtihani."

"Nimekuokolea ngozi."

"Umeiokoa, na nakushukuru. Na mtihani umeuharibu. Chuo kimenituma nione Denmark imemfundisha nini binti huyu. Mimi nimeona wewe umefundishwa nini."

"Walikuwa wanamuua!"

"Pengine. Pengine alikuwa na njia. Sasa mimi niandike nini? Wale watu walimwamini yeye au walikuamini wewe?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Adela hakunisemesha kabisa, mpaka nilipolazimika kusemeshwa.

Kwa sababu kesho yake, ndani ya pori lile lile, tumbo likageuka. Mnakumbuka nilikinywa kikombe alichokwisha kukigusa mtoto anayeharisha. Msafara uko mwendoni, askari wamekataza gari lolote kusimama, na mimi nagonga bodi ya lori la Juma kwa ngumi zote mbili. "Juma! Simama!" "Mzee, hapa ndipo walipowavua watu viatu!" "Watanivua na suruali, simama!" Akasimama. Nilichuchumaa nyuma ya mti, mimi mwenye mashine ambayo Kasulu nzima inaijua, nikitetemeka kwa tumbo na kwa hofu, nikisikia majani yakitembea. Magari yanatuacha. Mara nikasikia hatua nyuma yangu, nikajua ndio mwisho wangu, nikafumba macho.

"Baba, ni mimi," Adela akasema. Alikuwa amenipa mgongo kwa heshima, anatazama pori, ananilinda.

Alinipandisha garini, akachanganya yale maji, akanipa kijiko kwa kijiko kama nilivyoona akifanya. Nilipopata sauti nikamuuliza. "Kwenye mfuko ulikuwa unatoa nini?"

"Kikombe cha pili, baba. Nilikinunua Kibondo baada ya ile asali. Nilitaka kumimina kutoka jagi lile lile, ninywe mimi mbele yao, mtoto abaki na chake. Nilipomwona mtoto ameishiwa maji nikaharakisha, nikasahau kuanza na changu. Ndipo nikawa nakitafuta."

"Wasingekungoja."

"Sijui, baba. Hukuniacha nijue."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, ningemjibu.

Kasulu

Mkufunzi aliamua hivi: mtihani urudiwe, Kasanda hiyo hiyo, nyumba nyingine. Nikasema vizuri, nitapona Jumapili, tutaondoka Jumatatu. Mama yake akaanza kunikaushia viazi vya njiani.

Adela akaja akapiga magoti pale nilipokuwa nimekaa. "Baba, wewe hutakwenda."

"Pori lile? Na watu wale?"

"Baba, ukija watakuamini wewe."

Nilikuwa na majibu mengi. Nina umri huu, nimejenga, nimesomesha, hakuna mtu wa kunipangia safari. Nikafungua mdomo nikaona uso wake, haukuwa na ukaidi wowote. Alikuwa anaogopa. Anaogopa pori kama mimi, pengine zaidi, maana yeye anajua ataingia peke yake kwenye ua kama ule. Na bado ananiambia nibaki.

Kwa hiyo msiniulize amefaulu au hakufaulu. Ameondoka leo asubuhi. Nilimsindikiza stendi, nikampandishia mzigo wake kwa mikono yangu. Mkufunzi alinisalimu kwa unyenyekevu, safari hii amevaa kandambili. Juma akawasha injini. Nilikuwa nimeshika ubao wa nyuma wa lori, na mguu mmoja, sijui ulifikaje, ulikuwa juu ya kikanyagio. Juma akaniona kwenye kioo, akangoja, hakuniharakisha wala hakunitania.

Nikashusha mguu, nikauachia ubao.